Maneno 60 na Kura Moja: Kuwaelewa Wamarekani Wanaopinga Vita vya Serikali Yao

Tarehe 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya minara ya New York kuporomoka, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura juu ya azimio fupi la kumruhusu rais kutumia nguvu za kijeshi, ambalo kiini chake ni sentensi moja yenye maneno 60 tu kwa Kiingereza. Wabunge 420 waliliunga mkono. Mmoja, Barbara Lee wa California, alilikataa. Katika Seneti azimio hilohilo lilikuwa limepita siku hiyohiyo kwa kura 98 bila mpinzani hata mmoja. Lee, ambaye ni binti wa mwanajeshi, alikuwa ametoka kwenye ibada ya maombolezo katika kanisa kuu la Washington, na aliposimama bungeni aliyarudia maneno aliyoyasikia huko kwa kasisi, kwamba tunapochukua hatua, tusije tukageuka kuwa uovu uleule tunaoulaani. Alitishiwa kuuawa na akawekewa ulinzi wa polisi. Hata hivyo hakusema kwamba waliouawa hawastahili haki, wala kwamba waliowaua waachwe. Alichokataa ni kumkabidhi rais rungu bila kumtajia wa kupigwa, mahali pa kumpigia, wala siku ya kulirudisha.

Naanza na kura hiyo kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho mrengo wa kushoto wa siasa za Marekani, wale wanaojiita wapenda maendeleo, wamekuwa wakikisema juu ya vita tangu wakati huo. Hoja zao husimuliwa huku kwetu kana kwamba ni kilio cha jumla dhidi ya mabomu, au kana kwamba ni chuki ya baadhi ya Wamarekani kwa nchi yao wenyewe. Ukizichambua utakuta ni hoja kadhaa tofauti zilizofungwa katika furushi moja, nyingine zikiwa na nguvu nyingi na nyingine zikichechemea. Iliyo na nguvu kuliko zote, kwa maoni yangu, inahusu nani anayeulizwa kabla vita havijaanza, na fedha hufuata nyuma yake.

Azimio la 2001 lilimruhusu rais kutumia nguvu zote zinazohitajika na zinazofaa dhidi ya mataifa, makundi au watu ambao yeye mwenyewe angeona walipanga, waliidhinisha, walitekeleza au walisaidia mashambulizi ya Septemba 11, au waliwahifadhi waliofanya hivyo. Hakuna jina la nchi ndani yake, hakuna jina la kundi, na hakuna tarehe ya mwisho. Miaka ilivyokwenda, wanasheria wa serikali waliongeza dhana ya "vikosi shirika," yaani makundi yaliyoungana na al-Qaida, dhana ambayo haimo katika maneno yale 60. Kwa njia hiyo mlango ulizidi kupanuka. Al-Shabaab ilijitokeza kama kundi lenye nguvu Somalia mwaka 2006, ikatangaza rasmi kuungana na al-Qaida Februari 2012, na mwishoni mwa 2016 serikali ya Barack Obama ikatamka kwamba kundi hilo zima limo ndani ya azimio la 2001. Yaani kibali kilichotolewa dhidi ya waliopanga shambulio la New York kilitumika kupigana na kundi ambalo siku kibali kinatolewa halikuwapo duniani.

Matokeo yake hayako mbali nasi. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay, katika kaunti ya Lamu, ambako Wamarekani wana kambi iitwayo Simba, wakaua mwanajeshi mmoja wa Marekani na wakandarasi wawili raia wa nchi hiyo. Mpiga kura wa Ohio au Georgia aliyesikia habari hiyo alikuwa na haki ya kuuliza ni lini mbunge wake alijadili vita vya pwani ya Kenya na Somalia. Jibu ni kwamba hakuwahi kuvijadili kama vita. Kilichokuwapo ni azimio lile la 2001.

Katiba ya Marekani, katika ibara yake ya kwanza, inalipa Bunge mamlaka ya kutangaza vita. Mara ya mwisho Bunge hilo kutangaza vita rasmi ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Korea, Vietnam, Iraq, Afghanistan, Libya na kwingineko kote kulikofuata, ama kulikuwa na azimio la kuruhusu nguvu ama hakukuwa na kitu kabisa. Mwaka 1973, baada ya kuchoshwa na Vietnam, Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya vita juu ya pingamizi la Rais Richard Nixon. Sheria hiyo inamtaka rais kuliarifu Bunge ndani ya saa 48 baada ya kuingiza majeshi vitani, na kuyatoa ndani ya siku 60 asipopata idhini. Kwenye karatasi ni sheria kali. Mwaka 2011, siku 60 zilipotimia katika mashambulizi ya Libya, serikali ya Obama ilieleza kwamba kinachofanyika kule hakifikii kuitwa mapigano kwa maana ya sheria hiyo, kwa hiyo saa haihesabu. Ndege zilikuwa bado zikidondosha mabomu. Wapo wanasheria wazuri waliokubaliana na tafsiri hiyo, na sina haja ya kuwadharau, lakini mtu wa kawaida akiisoma hawezi kukosa kutabasamu kwa uchungu.

Hata pale Bunge lilipojaribu kuirudisha kazi yake mikononi, lilikwama. Saudi Arabia na washirika wake walianza kuishambulia Yemen kutoka angani Machi 2015, na Marekani ikawasaidia kwa silaha, taarifa za kijasusi na, hadi Novemba 2018, kwa kuzijazia ndege zao mafuta zikiwa angani. Seneta Bernie Sanders wa Vermont aliungana na Mike Lee, mhafidhina wa Utah, pamoja na Mdemokrat Chris Murphy, kuleta azimio la kukomesha msaada huo. Mwaka 2019 lilipita Seneti kwa kura 54 dhidi ya 46 na Baraza la Wawakilishi kwa 247 dhidi ya 175. Tarehe 16 Aprili Donald Trump alilipiga kwa kura ya turufu, na theluthi mbili za kulipitisha tena hazikupatikana. Hesabu ya ajabu inajificha hapo: ili vita vianze haikuhitajika kura yoyote, lakini ili visimame zilihitajika theluthi mbili za mabaraza yote mawili.

Mike Lee hakuwa mhafidhina pekee katika jambo hili, na hapo ndipo wasomaji wengi huchanganyikiwa. Kupinga vita vya nje Marekani si mali ya upande mmoja. Upande wa kulia una wapinzani wake wa siku nyingi, kuanzia Ron Paul wa Texas hadi kizazi kilichompigia kura Trump kikiamini kwamba angerudisha majeshi nyumbani. Taasisi ya Quincy, iliyoanzishwa 2019 kuhimiza kiasi katika matumizi ya nguvu za kijeshi, ilipata fedha zake za mwanzo kutoka kwa George Soros, tajiri anayefadhili mrengo wa kushoto, na kutoka kwa Charles Koch, tajiri anayefadhili mrengo wa kulia, watu wawili ambao katika mambo mengine wasingeketi jamvi moja. Tofauti huonekana ukiwauliza fedha zitakazookolewa ziende wapi. Mhafidhina wa aina hiyo atakwambia zirudi kwa mlipa kodi, au zilinde mpaka wa Mexico. Mpenda maendeleo atakwambia ziende kwenye matibabu, shule, nyumba, mazingira, na tena ziende kwenye diplomasia na misaada ya nje. Wanaafikiana juu ya mlango wa kutokea, kisha kila mmoja anashika njia yake.

Tuje sasa kwenye fedha, ambako takwimu hupotosha pande zote mbili. Taasisi ya utafiti wa amani ya SIPRI ya Stockholm inakadiria kwamba mwaka 2024 Marekani ilitumia dola bilioni 997 kwa mambo ya kijeshi, sawa na asilimia 37 ya matumizi yote ya kijeshi duniani, na zaidi ya mara tatu ya makadirio ya China. Watetezi wa bajeti hiyo hujibu kwamba hiyo ni asilimia 3 na kitu tu ya pato la taifa, wakati katika miaka ya Vietnam ilipita asilimia 8, na kwamba mishahara na vifaa vya China ni vya bei nafuu, kwa hiyo ulinganisho wa dola kwa dola unadanganya. Majibu hayo yana ukweli. Wapinzani nao hupenda kusema kwamba jeshi linakula nusu ya bajeti, na hapo wanahitaji kusahihishwa. Ni nusu hivi ya ile sehemu ambayo Bunge huipanga upya kila mwaka. Ukijumlisha pensheni za wazee, bima za afya za serikali na riba ya deni, ambazo hulipwa kwa sheria za kudumu, sehemu ya jeshi inashuka hadi asilimia 13 hivi. Mimi naona hoja yao ingekuwa imara zaidi kama wangeacha kutumia nusu ile bila maelezo, kwa sababu msomaji akikugundua umepunja mara moja, hata kweli zako ataanza kuzipima upya.

Hoja ya fedha yenyewe ni ya zamani, na si mpenda maendeleo aliyeisema vizuri kwanza. Ni Dwight Eisenhower, jenerali aliyeongoza majeshi ya washirika Ulaya, kisha akawa rais wa chama cha Republican. Aprili 1953 alisema kwamba kila bunduki inayotengenezwa na kila manowari inayoshushwa majini ni wizi dhidi ya wenye njaa wasiolishwa, akakokotoa kwamba gharama ya ndege moja ya kudondosha mabomu ingejenga shule ya matofali katika miji zaidi ya 30. Alipoaga Januari 1961 alionya juu ya ushawishi wa muungano wa jeshi na viwanda vya silaha. Martin Luther King aliichukua hoja hiyo akaipeleka mahali ambako Eisenhower hakuthubutu kufika. Tarehe 4 Aprili 1967, katika kanisa la Riverside mjini New York, aliiita serikali yake mwenyewe mchochezi mkubwa kuliko wote wa matumizi ya nguvu duniani, akasema kwamba taifa linalotumia mwaka hadi mwaka fedha nyingi kwa jeshi kuliko kuinua watu wake linakikaribia kifo cha kiroho. Magazeti makubwa yalimshambulia, na hata baadhi ya viongozi wenzake wa haki za raia walimtaka anyamaze. Aliuawa mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe ileile.

Kwa nini basi, baada ya maonyo ya rais na ya mchungaji, bajeti haipungui? Hapa ndipo wapenda maendeleo wana jambo la kufundisha, na si la siri. Ndege ya kivita aina ya F-35, inayotengenezwa na Lockheed Martin, inakadiriwa kugharimu zaidi ya dola trilioni 2 katika maisha yake yote, kuanzia kuibuni na kuinunua hadi kuitunza. Watengenezaji wa vipuri vyake wametawanywa katika majimbo zaidi ya 45 kati ya 50. Mbunge anayetaka kuipinga lazima kwanza ahesabu ajira za wapiga kura wake. Wachumi wanaopinga matumizi haya wamekuwa wakionyesha kwamba kiasi kilekile cha fedha huleta ajira nyingi zaidi kikiwekwa katika elimu au afya, lakini ajira hizo ni za kesho na za watu wasiojulikana, ilhali mfanyakazi wa kiwanda cha leo ana jina na ana kura. Hata Sanders, ambaye amekuwa akiilaumu sana gharama ya ndege hiyo, alikubali iwekwe katika kambi ya walinzi wa anga ya Burlington, kwao Vermont. Sisemi hivyo kumsuta. Nasema mtambo huu umeundwa kwa namna ambayo hata mpinzani wake mkubwa ana sababu ya kuupigia magoti.

Kuna pia mlango wa kuingilia na kutokea kati ya jeshi na viwanda. Jenerali Lloyd Austin alistaafu 2016, akaingia kwenye bodi ya kampuni ya silaha ya Raytheon, na 2021 akawa Waziri wa Ulinzi kwa kibali maalumu cha Bunge, kwa kuwa sheria ilitaka miaka 7 ipite tangu mtu avue sare. Hakuna uhalifu hapo, ndiyo desturi. Kisha kuna ukaguzi. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilifanyiwa ukaguzi kamili wa hesabu kwa mara ya kwanza 2018, na hadi 2024, mara 7 mfululizo, wakaguzi walishindwa kutoa maoni kwa sababu kumbukumbu za mali zenye thamani ya karibu dola trilioni 4 hazikutosha kuthibitishwa. Msomaji wa Tanzania anayefuatilia ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anajua jinsi halmashauri ndogo inavyohenyeshwa ikikosa hati safi. Pentagon, yaani wizara hiyo, ilikosa, na mwaka uliofuata ikaongezewa.

Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, Sanders alipendekeza kupunguza asilimia 10, kama dola bilioni 74, ziende kwenye jamii maskini. Seneti ilikataa kwa kura 77 dhidi ya 23. Upande wa Wawakilishi, pendekezo kama hilo la Barbara Lee na Mark Pocan lilianguka kwa 324 dhidi ya 93. Ukiangalia kura hizo utaona kwamba chama cha Democratic chenyewe kiligawanyika. Waliowashinda wapenda maendeleo walikuwa pamoja na wenzao wa chama kimoja.

Hoja ya tatu inahusu waliokufa na nani anawahesabu. Mradi wa utafiti wa gharama za vita wa Chuo Kikuu cha Brown ulikadiria mwaka 2021 kwamba vita vilivyofuata Septemba 11 viligharimu dola trilioni 8, zikiwamo gharama za baadaye za kuwatunza maveterani, na kuua moja kwa moja takribani watu 900,000. Somalia inaonyesha ugumu wa kuhesabu. Kwa muda mrefu kamandi ya Marekani ya Afrika, AFRICOM, ambayo makao yake makuu yako Stuttgart, Ujerumani, ilisisitiza kwamba mashambulizi yake ya anga hayajaua raia hata mmoja kule. Machi 2019 shirika la Amnesty International lilitoa uchunguzi uliodai vinginevyo, na mwezi uliofuata AFRICOM ikakiri kwamba shambulio la tarehe 1 Aprili 2018 karibu na El Buur liliua raia wawili. Bunge huidhinisha hadi dola milioni 3 kwa mwaka za kuwapa mkono wa pole raia wanaodhuriwa kimakosa na majeshi ya Marekani popote duniani, ilhali F-35 moja hununuliwa kwa takribani dola milioni 80.

Udhaifu wa kambi hii huonekana pale ambapo mvamizi si Marekani. Oktoba 2022 wabunge 30 wa kundi la wapenda maendeleo, wakiongozwa na Pramila Jayapal, walitoa barua ya kumwomba Rais Joe Biden aunganishe msaada wa silaha kwa Ukraine na juhudi za kuzungumza na Urusi. Kesho yake waliiondoa, kwa maelezo kwamba iliandikwa miezi kadhaa nyuma na kwamba watumishi wao waliitoa bila kuhakikiwa. Wengi wao walikuwa wamepigia kura silaha hizo. Ukweli ni kwamba hawana jibu moja kwa swali la nini kifanyike wakati nchi dhaifu inapovamiwa na jirani mwenye nguvu, na kulaumu historia ya Washington, hata ikistahili lawama, hakumzuii anayevuka mpaka leo. Baadhi ya waandishi wa mrengo huo walijificha nyuma ya lawama hizo, na naona walikosea.

Kuhusu Gaza hali ilikuwa tofauti, kwa sababu hapo silaha ni za Marekani na sheria pia ni za Marekani. Kwa makubaliano ya 2016 Israeli hupewa dola bilioni 3.8 za msaada wa kijeshi kila mwaka. Tangu 1997 kuna sheria, iliyopewa jina la Seneta Patrick Leahy, inayokataza kuvisaidia vikosi vya kigeni vyenye ushahidi wa kuaminika wa ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Januari 2024 Sanders hakuomba msaada usitishwe. Aliomba Wizara ya Mambo ya Nje iandike ripoti ndani ya siku 30 kueleza kama silaha zinatumika kihalali. Maseneta 72 waliizima hoja hiyo na 11 tu ndio waliotaka ripoti iandikwe. Julai 2025 kura ya kuzuia uuzaji wa bunduki kwa Israeli ilianguka pia, lakini safari hii maseneta 27 waliiunga mkono, zaidi ya nusu ya wale wa upande wa Democratic.

Mwaka huohuo wa 2025 ulilitupa swali la bunduki na zahanati upande ambao wapenda maendeleo hawakuutarajia. Kwa miongo kadhaa walidai fedha zihamishwe kutoka kwenye silaha kwenda kwenye misaada. Tarehe 1 Julai USAID, shirika la misaada ya nje la Marekani, lililokuwa likisimamia zaidi ya dola bilioni 40 mwaka 2023, lilifungwa rasmi, baada ya miezi ambayo vituo vya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kutoka Kisumu hadi Bukavu vilikuwa katika sintofahamu. Siku tatu baadaye Trump alitia saini sheria iliyoongezea jeshi takribani dola bilioni 150, na iliyotazamiwa kupunguza karibu dola trilioni moja katika huduma za afya za Wamarekani wa kipato cha chini kwa muda wa miaka 10.

Azimio la maneno 60 bado ni sheria. Barbara Lee alirudi tena na tena na muswada wa kulifuta. Juni 2017 alikaribia: kamati ya matumizi ya Baraza la Wawakilishi, iliyokuwa chini ya Republican, ilikubali pendekezo lake, na wajumbe wa vyama vyote viwili wakapiga makofi. Mwezi uliofuata uongozi wa Baraza uliliondoa kabla halijafika kwenye ukumbi mkuu, kwa hiyo halikupigiwa kura. Aprili 2023 Matt Gaetz, Mrepublican wa Florida, alileta azimio la kuwaondoa wanajeshi wa Marekani Somalia. Lilishindwa kwa kura 321 dhidi ya 102, na kati ya hao 102, 52 walikuwa Republican na 50 Democratic. Lee aliondoka bungeni mwanzoni mwa Januari 2025, kisha akachaguliwa kuwa meya wa Oakland. Tarehe 1 Februari, kabla mwezi haujatimia tangu aondoke, ndege za Marekani zilishambulia mapango katika milima ya Golis, Puntland, kaskazini mwa Somalia. Safari hii zililenga tawi la kundi linalojiita Dola la Kiislamu, ambalo mwaka 2001 lilikuwa halijazaliwa.